Blanketi la Sandukuni

Ufunguo wa sanduku la Umoja wa Akina Mama ulikuwa shingoni mwa 'Mapontšo kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Sandukuni mlikuwa na kitu kimoja tu cha maana: blanketi jipya la sufu, zito, lenye picha za masuke ya mahindi. Mwanachama akifa, anafunikwa hilo na kuzikwa nalo, kisha wanachanga wanunue lingine. Hivyo katika kijiji kile cha milimani, hata mama aliyeishi na matambara maisha yake yote alikuwa na hakika ya kuingia kaburini kama mke wa chifu. Walijivunia sana jambo hilo.

Alhamisi moja ya Julai, theluji ikiwa imeshuka mpaka kwenye mazizi, walivaa sare zao wakaenda kumwombea mwenzao aliyekuwa mgonjwa, bibi 'Mateboho. Mzee wa watu alikuwa amelala chini, amejikunyata ndani ya blanketi lililochakaa hadi ukaona mkeka upande wa pili. Binti yake, Keneuoe, alifanya kazi za ndani huko mjini Bloemfontein, na barabara ilikuwa imefungwa.

"Mmeleta nyimbo tu, au na uji pia?" bibi aliuliza.

"Leo tumekuja na Bwana Yesu, bibi," 'Mapontšo alijibu.

"Karibuni naye. Mwambieni afunge mlango, baridi inaingia."

Wakacheka, wakaimba, wakapiga magoti. 'Mapontšo aliomba kwa machozi, na tusimsingizie, machozi yale yalikuwa ya kweli. Walipoinuka kuondoka, bibi alimshika mkono.

"Mwanangu, lile blanketi la sandukuni mtanipa tu. Si ndiyo?"

"Usiseme hivyo, bibi."

"Basi nipeni sasa. Nikifa, nizikeni na hilohilo. Sitalimaliza."

'Mapontšo alitazamana na 'Malerato, katibu wake. Nje, 'Malerato alimvuta pembeni.

"Wewe, usije ukathubutu! Tumetoka kumwombea apone sasa hivi, halafu tumletee la maiti? Mungu atatuelewaje? Si tutakuwa tunamwambia hatumwamini?"

Maneno hayo yalimwingia 'Mapontšo. Alirudi mlangoni, akamwambia bibi awe na imani, Bwana atampa joto. Bibi alivuta tu lile tambara lake mpaka masikioni.

Ijumaa kutwa 'Mapontšo alifunga, hakula hata papa, ule ugali wao wa kila siku, akimwombea bibi. Nyumbani kwake mlikuwa na mablanketi manne. Hayo hayakumjia akilini hata mara moja, na baadaye ndilo lililomkereketa kuliko yote.

Jumamosi asubuhi aliona nyumba ya bibi haitoi moshi. Alimkuta magoti yamegusa kidevu, sketi ameivuta mpaka kichwani. Akina mama waliitana, wakamwosha, wakamnyoosha kwa shida, na 'Mapontšo akafungua sanduku.

Barabara ilifunguka Jumatano. Keneuoe aliingia na viatu vyake vya mjini vimelowa, akapiga magoti kando ya jeneza la mama yake, lililokuwa bado wazi, akapapasa lile blanketi polepole, kona kwa kona.

"Asanteni, mama zangu," alisema. "Njia nzima nilikuwa nawaza mama amekufa kwa baridi. Kumbe mlimfunika."

"Mungu ni mwema, binti yetu," 'Malerato alisema haraka.

Yangeishia hapo. Kila mtu angekwenda kwake na heshima yake, na binti angerudi kazini na moyo mwepesi. Lakini 'Mapontšo alisogea mbele, akamtazama binti.

"Tulimfunika Jumamosi," alisema.

"Alifariki lini?"

"Alipofariki ndipo tulipomfunika."

Keneuoe aliinua uso. "Na kabla ya hapo? Hakuomba?"

"Aliomba. Alinishika huu mkono, akaniomba. Mimi ndiye niliyekataa."

Keneuoe hakupiga kelele, ingawa 'Mapontšo alitamani apige.

"Litoe," binti alisema.

"Mwanangu, si vizuri mtu kuzikwa..." 'Malerato alianza.

"Mama, nimesema litolewe. Atazikwa na lake. Hilo lake halikumkataa."

'Mapontšo alipiga magoti, akalivua lile blanketi kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika bibi tambara lake. Halikufika miguuni. Akina mama waliinua jeneza wakaanza wimbo, naye akafuata nyuma kwenye theluji, amekumbatia masuke yale kifuani, hana wa kumpa. Hapakuwa na mkono ulionyooshwa kumpokea. Lilikuwa blanketi zuri kweli. Kabla hawajafika makaburini lilikuwa limeshamtia joto mwili mzima, na ni joto hilo lililomliza.