Jembe Juu ya Mchanga

Maharagwe ya majirani yalikuwa yamekwisha kutoa majani mawili mawili, na shamba la marehemu Nshimiyimana lilikuwa bado limelala na magugu yake, kama mtu asiye na ndugu. Libérata, binti yake, alilipita kila asubuhi akienda kulima kibarua kwenye mashamba ya wengine. Kila asubuhi alimwomba Mungu amwondolee hasira, na kila asubuhi hasira ilibaki pale pale.

Haukuwa uvivu. Katika ukoo wao, pale juu ya Nyabiondo, baba akifa, shamba lake huingia kilio pamoja na watoto. Hakuna wa kuligusa mpaka mzaliwa wa kwanza wa kiume apige jembe la kwanza, na mdogo wa marehemu amwage pombe ya mtama juu ya udongo uliofunguliwa. Hapo kilio kinakwisha na watu wanapanda.

Mzaliwa wa kwanza alikuwa Twizeyimana, naye alikaa Ubelgiji. Baba alipozikwa mwezi wa Januari hakuja. Alisema kazi imemfunga, na watu wote walielewa. Lakini aliahidi: "Nitakuja Machi na likizo yangu. Mutunze jembe la papa." Wakalitunza. Mama yao, Mukagasana, alilipaka mafuta ya mawese ili lisishike kutu. Mbegu zilikuwa ndani ya mfuko mmoja chini ya kitanda, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chakula kingine, kila mara Libérata aliingiza mkono humo, akatoa konzi mbili, akapika. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alijua vizuri kwamba anawapikia mavuno yao kabla hayajaota. Mfuko ukiisha kabla ya jembe, msimu umekwenda.

Siku moja Sophie akamwita dukani. Sophie alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, muuza chumvi, sabuni na mafuta, na simu yake ndiyo ilikuwa mlango wa Twizeyimana, maana simu ya familia ilipotea mwaka ule walipokimbia vita.

"Mama Libé, ikala kwanza," Sophie akasema, akimsukumia kiti. "Kaka yako ametuma sauti."

"Ameisha kufika Kigali?"

"Hapana. Amefika ku kisiwa."

"Kisiwa gani? Idjwi?"

"Idjwi gani, mama! Guadeloupe. Iko kule Karibi, mu bahari ya bazungu. Angalia."

Libérata akaangalia. Kaka yake alisimama kifua wazi chini ya mnazi, amevaa kofia ya majani, mkononi ana dafu lenye mrija. Nywele zake zilikuwa zimechongwa vizuri pembeni. Wao nyumbani walikuwa wamenyoa vichwa tangu mazishi.

Sophie akabonyeza, na sauti ikajaa dukani, sauti ya mtu aliyeshiba.

"Dada Libé, usinikasirikie. Rafiki za kazi walipata billet ya ndege ya bei ndogo, na mimi nilikuwa nimechoka, kichwa ilikuwa imejaa kilio. Nitakuja Desemba, kweli. Lakini dada, ungeona huku! Jana tulipanda volkano, unafika juu, inatoa moshi, inanuka kama mayai yaliyooza. Leo tulitembea mu pori mpaka ku maporomoko ya maji. Kuna mashua yenye chini ya kioo, unaona samaki na makobe bila kulowana. Na utacheka: tulipita kwa mama mumoja anakaanga mikate ya muhogo ku chuma kubwa, na bantu bote banamupiga picha! Nikakumbuka mama."

Libérata hakucheka. Mwaka ule volkano ya Goma ilipotoka, alikuwa ameenda kule kuuza maharagwe. Alikimbia mpaka Sake, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna, na hakuna aliyempiga picha.

"Kumbe tuko matajiri," Sophie akasema, akijaribu kumchekesha. "Volkano iko, maporomoko iko, pori iko, muhogo ndiyo usiseme. Kunakosa tu bantu ba kulipa."

"Na hii ni Kwaresima," Libérata akasema polepole.

"Nimujibu nini?"

"Mwambie mvua haiendi vakansi."

Jioni alimkuta baba yake mdogo, Hakorimana, ameketi mlangoni pamoja na mama. Hakusubiri hata kusalimiwa vizuri.

"Baba mudogo, Twize haji. Tupige jembe."

"Nani apige?"

"Mimi. Mimi njo niko hapa."

 Mzee hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemzika kaka yake kwa mikono yake, na kila Jumapili alimwombea misa. "Mwanamuke afungue shamba la kilio? Tangu lini? Ukifungua wewe, shamba litabaki na kilio siku zote. Hiyo si mimi nimesema. Tuliikuta."

"Na mbegu tutakuwa tumekula."

"Libé," mama akaingilia, "usimuhukumu kaka yako. Twize ni mutoto muzuri. Bati hii ya juu yetu ni yeye alituma."

"Bati hailiwi, mama."

Mama akavuta kitenge chake mabegani. Libérata alijuta neno lile, lakini hakulirudisha. Alipopiga magoti kusali rozari, maneno yalimtoka mdomoni kama mawe.

Siku mbili baadaye Sophie alipanda kilima mwenyewe, anahema. Twizeyimana alikuwa amepata shauri: atapiga jembe kwa video. Baba mdogo ataona kwa macho yake mwenyewe, atamwaga pombe, basi.

Libérata alingoja mzee akatae. Mzee akafikiri, akajikuna kidevu.

"Askofu anatubariki kwa redio," akasema mwishowe, "na baraka inafika. Jembe nayo inaweza kufika."

"Baba mudogo!"

"Nini? Si ulitaka tulime? Njo tutalima sasa."

Libérata akajiambia: Mbegu ni mbegu. Kama Mungu ameamua kuwapitisha katika kioo cha simu, apitishe, mradi jioni ile maharagwe yalale ndani ya udongo.

Basi Jumamosi alasiri wakapanda wote shambani. Hakorimana alivaa koti lake la misa, akashika kibuyu cha pombe ya mtama. Jembe la marehemu lililazwa chini, mpini wake umeng'aa mahali mikono yake iliposhika miaka yote. Mama alifunga mbegu zilizobaki kwenye pembe ya kitenge. Zilikuwa chache kuliko alivyokumbuka, na alimtazama Libérata. Sophie akainua simu juu, akazunguka akitafuta rezo, ule mtandao wa simu, mpaka picha ikatokea.

Kule jua lilikuwa bado la asubuhi. Bahari nyuma ya Twizeyimana ilikuwa ya rangi ya chupa. Alikuwa amevaa kaptula ya kuogelea tu, na mkononi ameshika sepetu nyekundu ya plastiki, ile ya watoto kuchezea.

"Baba mudogo, salama! Mama! Nimekosa jembe, huku hawauzi. Nimeazima hii kwa mutoto wa jirani ya hoteli."

"Vaa shati, mwanangu," Hakorimana akasema.

Picha ikayumba. Akarudi amevaa shati lenye kasuku.

"Sasa piga."

Twizeyimana akainama, akachota mara tatu, fyu, fyu, fyu. Kila alipochota, shimo lilijijaza lenyewe.

"Hiyo ni udongo gani?" mzee akauliza, akisogeza jicho karibu na simu.

"Ni mchanga, baba mudogo. Lakini vyote si vya Mungu?"

Mama akafanya ishara ya msalaba. Libérata aliuma mdomo wake mpaka akaonja damu. Mzee akavua kofia, akainua kibuyu, akaanza maneno, yale yale aliyoyasema baba yake kabla yake. Alimwita marehemu kwa jina, akamwambia mwanao amesimama, mwanao ameshika jembe, utuachie shamba kwa amani. Alikuwa anasema taratibu, kwa sababu wafu hawaharakishwi.

Kule filimbi ikalia. Mtu akaita kwa Kifaransa, watu wakacheka. Twizeyimana akageuka, akarudi, akageuka tena.

"Baba mudogo, fanya mbio kidogo."

Mzee hakuamini masikio yake. Akaendelea, taratibu zaidi.

"Ni mashua, ile ya kioo. Inaondoka, nayo nimeisha lipa. Mumalize tu, mimi niko pamoja na ninyi mu roho. Mama, nitakutumia picha ya kobe!"

Uso wake ukatoweka. Kwenye kioo cheusi ukabaki uso wa Sophie mwenyewe.

 Kibuyu kilikuwa bado hewani, na neno la mzee lilikuwa limekatika katikati, baada ya jina la marehemu.

"Rezo imekatika," mama akasema.

"Hapana, mama," Sophie akajibu kwa sauti ndogo, macho chini. "Rezo iko. Ni yeye amekata."

Ndipo Libérata alipochukua jembe. Hakuomba ruhusa wala hakuvua ndala. Alipiga pigo la kwanza, magugu yakaruka. Akapiga la pili.

"Libérata! Acha! Kilio hakijaisha!"

"Kwake kiliisha siku alivaa ile kofia ya majani!" Alikuwa analia na kulima pamoja. "Alisema Machi, tukangoja. Alisema Desemba, mukasema tungoje. Watoto wangu wanakula mbegu, baba mudogo, na yeye anaangalia kobe! Papa amekufa, na mutoto wake anaachia baba mudogo wake mu mukono maneno nusu!"

"Hilo ni jembe la muzaliwa wa kwanza!"

"Basi aje alichukue! Aje na mashua yake!"

 Labda hasira ya Hakorimana ilikuwa kwa Libérata, labda ilikuwa kwa yule wa mchangani, naye mwenyewe hakujua aielekeze wapi. "Mimi sitamwaga," akasema. "Mbele ya kaka yangu, sitamwaga." Akakiweka kibuyu chini, ukingoni mwa shamba, akavaa kofia yake, akashuka kilima peke yake bila kuangalia nyuma.

Kibuyu kikabaki pale.

Mama Mukagasana alimtazama shemeji yake akishuka, akizidi kuwa mdogo machoni pake. Siku zote alikuwa amemtetea mwanawe mbele ya watu, na sasa watu walikuwa wanangoja amtetee tena. Akatembea mpaka ukingoni, akainama kwa shida, akakiokota kibuyu.

"Nililala na mwenye shamba hili maisha yangu yote," akasema, kama anayeongea na mtu aliye chini ya udongo. "Akinikasirikia, atanikasirikia mimi." Akamwaga. Pombe ikaingia kwenye udongo uliofunguliwa, ikatoa povu kidogo, ikapotea.

Libérata alikuwa bado anapiga, pigo juu ya pigo, mabonge yanaruka mpaka kwenye sketi ya Sophie.

"Chimba vizuri," mama akamwambia. "Unachimba kama muntu anaua nyoka."

"Niache, mama. Ni nyoka."

"Ni udongo wa baba yako. Polepole. Mstari wa maharagwe hauendi hivyo."

Libérata akapumua. Hasira haikuwa imetoka. Ilikuwa mikononi sasa, na mikono ilikuwa na kazi. Akanyoosha mgongo, akapanga mstari upya, akashika mpini pale pale ulipong'aa. Mama akafungua pembe ya kitenge, akaanza kudondosha mbegu nyuma yake, mbili mbili, akizifunika kwa kidole cha mguu.

Simu ikalia. Sophie akaitazama.

"Mama Libé, ametuma kobe. Kubwa kweli. Nimujibu nini?"

Libérata hakugeuka. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Walikale, mazito, na nusu ya shamba ilikuwa bado magugu.

"Usijibu. Weka simu mu mufuko," akasema. "Vua viatu, uchukue mbegu. Mvua inakuja."