Weupe Ndani ya Chupa

Mwanamume mrefu alijitokeza mlangoni bila hodi, maji ya mafuriko yakimchuruzika mapajani, kifuani amekumbatia mtoto mchanga. Lois, muuguzi kijana wa Kipokomo aliyeachiwa peke yake chumba cha dawa cha Garsen, aliifunua nguo. Macho ya mtoto yalikuwa yamevimba, yakitoka usaha.

"Mimi Jatani," mgeni alisema. "Mtoto wa kwanza alipofuka hivi hivi. Dada, mimi taka kitu moja: sema kweli. Nyinyi Wapokomo maneno yenu matamu kama ndizi zenu."

"Na nyinyi Waorma hamwamini hata vivuli vyenu," Lois alijibu. "Nitakwambia kweli. Naahidi."

Chembe za mwisho za nitrati ya fedha, dawa ya macho, zilikuwa kichupani. Maji safi ya dawa yalikwisha, na mto ulikuwa tope tupu. Akachukua ya kisima, yaliyochemshwa yakang'aa. Garsen nzima iliyanywa. Ndimi zilikwisha kusahau chumvi yake. Akamimina.

Chupa ikageuka nyeupe.

Lois aliutambua weupe huo. Chumvi ya kupikia huachana upesi majini: sodiamu imeipa klorini elektroni yake, nayo haidai tena. Fedha si hivyo. Ioni yake hulivuta wingu la elektroni za klorini hadi likapinda kuielekea, na kilichokuwa kupeana kikawa, kwa sehemu, kushirikiana. Maji hushindwa kuzitenganisha. Shuleni alilipenda somo hilo, akaona kushirikiana huko ni jambo zuri mno. Sasa dawa ilikuwa imefungwa humo, hatua moja kutoka jicho la mtoto.

Jatani aliuona weupe, uso ukamkunjuka. "Maziwa! Hii ina baraka. Tia, dada."

Kutia kulikuwa rahisi. Angeondoka akishukuru, na upofu ungekuja baadaye, malishoni, ukaitwa kazi ya Mungu.

Lois aliiweka chupa chini. "Si dawa tena. Maji ya kisima yana chumvi, yameiua. Nimeiharibu mimi. Nyingine iko hospitali ya Ngao."

"Ngao mbali. Maji kila mahali."

"Najua."

"Watu yangu watasikia. Hapana leta mtoto hapa tena."

Akilini Lois aliwaona watoto ambao hawangeletwa, macho yao yamefumbwa na usaha. "Waambie," alisema.

 Jatani akamkabidhi Lois mtoto amshikie, apate kuikaza shuka yake kwa safari ya majini hadi Ngao.