Makopo ya Mzee Ndululu

Jumanne moja ya Februari 1985, Ugas, mfugaji Msomali, alisimama mbele ya duka la Mzee Ndululu pale Tawa akitazama chumba cha kupanga. Kilikuwa chumba kimoja cha mawe, mabati mapya juu, dirisha dogo la kutazama kilimani, na choo cha kutumia pamoja na Musembi, fundi cherehani wa chumba cha pili. Mkewe Shamso alikuwa amekaa barazani juu ya godoro lililofungwa kamba, mimba ya miezi mitatu tumboni, akifukuza nzi. Lori lililowaleta kutoka Garissa lilikuwa limeshaondoka. Ng'ombe wao thelathini walikuwa wamekufa kwa ukame wa mwaka uliopita, na Ugas alitaka kuanza upya kwa kununua mbuzi wa hapa na kuwauzia wachinjaji wa Machakos.

"Musembi analipa themanini kwa mwezi," alisema Ugas, ambaye alikuwa ameshaulizia.

"Musembi ni wetu," akasema Ndululu. "Wewe utalipa mia moja na hamsini, na sauti moja kila mwezi."

"Sauti gani?"

"Yoyote. Pesa tuliona mwaka jana, waria. Mtu ako na mia kwa mfuko na duka haina unga. Pesa hailiwi."

Hakusema uongo. Njaa ya mwaka ule Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo mkononi, na waliopona walikuwa bado wanaitazama noti kwa jicho la pembeni. Tena Ndululu alikuwa amefiwa na mke, wanawe watatu wako Mombasa na hawaandiki barua, na nyumba yake ya vyumba vitano ilikuwa na ukimya wa kuumiza masikio. Tawa yenyewe ulikuwa mji mtulivu na watu wake walijisifia utulivu huo, kanisani na nje ya kanisa.

Hapo Ugas akafanya kosa. Kwao, bei ya mnyama huafikiwa bila maneno. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono chini ya shuka, wakabonyezana vidole, na mikono ikishakazwa hakuna tena wa kurudi nyuma. Ugas alivua shali begani, akafunika mkono wake na wa Ndululu, akabonyeza, akakaza. Kwake yeye bei ilikuwa imefungwa kwa mwaka mzima. Ndululu alidhani anasalimiwa, na mtu aliyesalimiwa tu anaweza kupandisha kodi siku yoyote anayotaka.

Machi walilipa sauti ya nyayo za Ugas. Ndululu alileta kopo tupu la mafuta ya kupikia, akaliweka kizingitini, Ugas akatembea kutoka kitandani hadi mlangoni, na mzee akafunga kifuniko. Tangu siku hiyo Ugas alitembea bila kusikika, na mbuzi sokoni hawakushtuka tena alipowakaribia, kwa hiyo mwanzoni aliona amepata faida. Aprili ulikwenda mlio wa sufuria zote na mfuniko wa birika. Mei sukari ilipanda, mafuta ya taa yakapanda, na Ndululu akasema hata yeye maisha yamempanda. Alitaka sauti mbili mwezi huo. Walimpa kikohozi cha Shamso, ambacho hakuna aliyekisikitikia, na sauti ya Ugas ya kuswalia. Juni kilikwenda kicheko cha Shamso.

Jioni baada ya kufunga duka, Ndululu alifungua kopo moja au mawili akala muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa akisikiliza. Shamso, akiwa jikoni kwake, alijisikia akicheka sebuleni kwa mzee. Hakuwa amejua kwamba kicheko chake kina kwikwi mwishoni, kama cha mama yake. Iliuma sana kukijua wakati si chake tena.

"Huyu mzee ni mtu mbaya?" alimuuliza Mumbua, mkunga aliyeuza ndengu mbele ya duka.

"Si mubaya. Ni upweke. Ni muzee wa kanisa huyo."

"Wewe ulimlipa sauti gani?"

"Mimi ni wa hapa, mama," alisema Mumbua kwa upole, akamwongezea ndengu konzi moja.

Julai chumba kilikuwa hakina tena kitu cha kutoa sauti. Ndululu alikuja na kopo lake, akatazama huku na huku, kisha akatazama tumbo la Shamso. Alisema kodi sasa ni mia mbili na ishirini, au wampe kilio cha mtoto, na hatadai sauti nyingine hadi mwaka uishe. Ugas alikuwa amepoteza mbuzi wanne kwa ugonjwa wiki hiyo. Alifikiri kama mfanyabiashara: mtoto hulia miezi michache, baadaye hunyamaza mwenyewe. Akavua shali. Safari hii alimweleza Ndululu maana yake, kwamba mkono ukikazwa haurudi, na Ndululu akasema hiyo ni desturi nzuri. Shamso alikuwa hatua mbili kutoka pale, na mtungi wa maji mgongoni. Hakuulizwa.

Mtoto alizaliwa Alhamisi moja ya Agosti, saa nane mchana, mikononi mwa Mumbua. Alikuwa msichana. Alifungua kinywa, akawa mwekundu, kifua kikapanda na kushuka, na hakukuwa na sauti. Wakati huohuo, dukani ng'ambo ya ua, mtoto mchanga alianza kulia ndani ya kopo kwenye rafu, katikati ya chumvi na viberiti.

Mumbua alitega sikio. "Analia vizuri," alisema, akakata kitovu. "Ako na nguvu."

Ugas aliingia, akamchukua binti yake, akainama kumsomea adhana sikioni kama baba yake alivyomsomea yeye. Midomo ilicheza tu. Sauti ya kuswalia alikuwa ameshailipa Mei. Walimwita mtoto Abdiya.

Siku tatu maziwa ya Shamso hayakutoka. Mumbua alimpa uji, akamkanda kwa kitambaa cha moto, akamjaribia mtoto maziwa ya ng'ombe, na mtoto akayatapika. Siku ya nne Shamso alikuwa akipita mbele ya duka na Abdiya mgongoni. Ndululu alikuwa anakunywa chai, na kopo liko wazi kando ya kikombe. Shamso alisikia kilio cha mwanawe, na papo hapo kifua kikalowa, maziwa yakashuka mpaka kiunoni. Alikaa kwenye benchi la duka akanyonyesha mpaka mtoto akashiba.

Baada ya hapo alikwenda kila siku, asubuhi, mchana na jioni, kwa kuwa maziwa hayakushuka bila kilio hicho. Ndululu hakumfukuza. Alisema tu kwamba benchi ni ya wateja, kwa hiyo Shamso alinunua kiberiti kila alipokaa. Kiberiti ndicho kilichokuwa kitu cha bei ya chini kabisa dukani. Kufikia Oktoba viberiti vilijaa chini ya kitanda, na Ugas aliacha kununua nyama.

Novemba alikuja Bile, binamu ya Ugas, mwenye bucha Kwa Vonza. Alisema huko kuna chumba cha shilingi mia na mwenyewe hataki kitu kingine. Mwaka wa mkono ulikuwa haujaisha, na Ugas hakuwahi kuvunja neno la mkono maishani mwake. Alilala akiona haya, akaamka akafunga godoro kamba.

"Nenda wewe," alisema Shamso. "Maziwa yangu yako hapa."

Ugas akaenda dukani bila kusikika, akamkuta Ndululu anapanga sabuni. Alimwomba arudishiwe kopo. Alitaka kumpa mbuzi sita, kisha kumi.

Ndululu hakukasirika. "Mimi nilisikia ukisema mwenyewe," alijibu. "Mkono ikishikwa hairudi. Si ni wewe ulinifundisha?"

Ndululu alikuwa amejifunza desturi yao, na aliishika vizuri kuliko baadhi ya Wasomali. Bile alikunywa maji akaondoka peke yake, na Ugas akafungua kamba za godoro.

Saa kumi jioni Shamso alimbeba Abdiya akavuka ua. Mtoto alikuwa na njaa, kinywa wazi, machozi yakimtiririka kimyakimya. Shamso alikaa kwenye benchi, akanunua kiberiti, akafungua kifua, akangoja mzee amalize chai yake ndipo afungue kopo.