Wifi na Fundi Wake

Msusi ndiye aliyewakutanisha. Wifi yake alitaka kushonewa gauni, naye akampeleka kwa shoga yake wa miaka mingi, fundi cherehani wa mtaa wa pili. "Huyu ni ndugu yangu," akamwambia fundi. "Usimzungushe."

Gauni likaisha, safari za wifi kwa fundi hazikuisha. Siku moja, akiwa kitini anasukwa, wifi akasema, "Maskini fundi, jino limemvimbisha shavu lote!"

Msusi akakaza msuko. Zamani habari kama hiyo angeanza kuipata yeye.

Toka hapo hakutulia. Akimpigia fundi, simu inatumika. Akimpigia wifi, nayo inatumika. Wananijadili mimi, akajiambia. Na ya kujadiliwa yalikuwepo: ugomvi wake na mumewe alikuwa amemmwagia fundi wote, na mumewe ni kaka wa huyo huyo wifi.

Akatega mtego. "Shoga," akamwambia fundi walipokuwa wawili tu, "mimi kwa yule mwanamume naondoka. Chumba nimeshapata."

Akasubiri wifi aje amewaka moto. Wifi akaja, akakaa kitini, akalalamikia joto na bei ya rasta, akaondoka. Anajifanya hajui, msusi akawaza. Wamepanga.

Kesho yake akafunga saluni mapema, akaenda kwa fundi bila kubisha hodi. Akasimama nje ya pazia, sikio limesimama. Ndani fundi na wifi walikuwa wanacheka hadi kukohoa, wakimsema bosi wa wifi anayevaa wigi upande. Alisubiri jina lake. Halikutajwa.

Fundi akavuta pazia. "We! Mbona umeganda hapo kama mgeni? Ingia."

Wifi alipotoka kupokea simu, fundi akamsogelea. "Lile la chumba nimelifungia tumboni. Usingizi wenyewe siupati. Kweli unaondoka?"

Msusi akatazama sakafu, vipande vya vitambaa vimetapakaa. "Siondoki. Nilitaka kuona kama utamwambia."

Fundi akaweka mkasi mezani. "Kumbe," akasema.

Hakumfukuza, wala hawakugombana. Wakikutana wanasalimiana vizuri, wanaulizana watoto, basi. Wifi, ambaye mpaka leo hajui kilichotokea, bado anakuja kusukwa.

"Fundi anakusalimia," husema akijiweka sawa kitini. "Amehamia duka kubwa zaidi, hakukwambia?"

"Aliniambia," msusi hujibu, na kuchukua kitana.