Vidole Viwili vya Chumba cha Mionzi

Sheria mpya ya ulinzi ilikuja na mlango wake. Ulikuwa wa chuma, na haukufunguka mpaka watu wawili waweke vidole gumba kwa pamoja, maana ndani mlikuwa na mashine ya kuchoma saratani, na madini ya mionzi yaliyomo tumboni mwake yakiangukia mikononi mwa mwenye nia mbaya, mji mzima utajuta. Sheria ikaongeza kwamba wenye vidole hivyo wasiwe ndugu, marafiki wala wapenzi, wasije wakala njama. Wakikiuka, vidole vya wote wawili vinafutwa mlangoni.

Mganga mkuu hakuumiza kichwa. Aliwachagua watu waliogombana kuliko wote hospitalini: fundi wa mionzi, mwanamke aliyeitwa Pilipili, na Sajini, mkuu wa walinzi.

Haya, waweke watu wawili bega kwa bega kila asubuhi, waambie wahesabu moja, mbili, tatu kwa sauti moja, halafu ushangae! Mwaka haujaisha, walishafunga ndoa kimyakimya nyumbani kwa shangazi. Kazini waliendelea kutukanana. Pilipili aliishi na hofu. Fundi mwingine hakuwepo, na kidole chake kikifutwa, wagonjwa wa kwenye benchi la korido wangerudi nyumbani na uvimbe wao.

Siku ya ukaguzi ikafika.

“Nasikia nyinyi hampikiki chungu kimoja,” mkaguzi alisema.

“Na huyu?” Pilipili akadakia. “Kichwa boga! Hata kushoto na kulia anabahatisha!”

“Mdomo huo!” Sajini akajibu. “Tungekuwa nao mapema tusingenunua king'ora.”

Wauguzi walitoa vichwa madirishani. Mkaguzi aliandika kwa furaha, kisha kalamu ikasimama. Pilipili, huku akimwita mumewe gunia la makapi, alikuwa anamfunga kifungo cha shati na kumnyoosha kola.

“Mama,” mkaguzi alisema taratibu, “mimi nimeoa siku nyingi. Matusi hayo nayajua. Na mkono huo naujua.”

Pilipili alitazama benchi la wagonjwa. Sajini akavua kofia.

“Mzee, futa kidole changu tu. Walinzi tumejaa tele, fundi ni huyu tu.”

Mkaguzi alikuna kidevu. “Sawa. Ila nataka kidole kingine leo hii, cha mtu asiyeweza kula njama na huyu mama hata kwa dawa.”

Macho yote yakageukia dirisha la stoo. Mtunza stoo alikuwa mtalaka wa Sajini. Si ndugu, si rafiki, na mapenzi ndiyo usiseme. Mganga mkuu alisaini haraka kabla mtu hajabadili mawazo.

Kesho yake wanawake hao walisimama mlangoni, kila mmoja akitazama upande wake. Moja, mbili, tatu. Mlango ukafunguka.

“Hivi,” mtunza stoo akauliza, “bado anaficha soksi chafu chini ya godoro?”

Pilipili akageuka. “Kumbe ni tabia ya zamani?”

“Mwenzangu, njoo stoo saa ya chai. Nitakueleza yote.”

Kicheko chao kilimfikia Sajini huko getini. Alikisikiliza, na kwa mara ya kwanza akatamani kumpigia mkaguzi simu aripoti njama.