Kompyuta ya Shagufta

"Hiyo achana nayo, betri imekufa. Hii, kioo chake kina ufa. Lakini hii, binti, hii ni kisu!" Haji Tufail, muuza kompyuta za mitumba, aliipangusa ile nyeusi kwa mkono wa kanzu. "Masomo yote ya chuo itayabeba."

Shagufta aliitazama bei, akashusha pumzi. Waliiweza. Bila kompyuta asingeandika kazi yake ya mwisho, na bila kazi hiyo asingehitimu. Baba yake, Allah Ditta, alikuwa ameuza ndama wa nyati wake wa kufugwa kwa ajili hiyo. Sasa alichutama nje ya mlango, akiogopa kuchafua zulia kwa vumbi la tanuri la matofali alikofanyia kazi.

"Iwashe uone mwenyewe," alisema Haji.

Ikawaka. Ikatokea nembo ya serikali, na chini yake maneno: Zawadi kwa mwanafunzi bora. Kisha jina. Shagufta binti Allah Ditta, na jina la chuo chake.

Mwaka jana karani wa chuo, Bashir, aliwakusanya wasichana walioshinda zawadi hiyo: sainini kwanza, kompyuta zinakuja. Wakasaini. Hazikuja ng'o. Tehmina peke yake ndiye aliyethubutu kuuliza. Akaandikwa kwamba hakufanya mtihani hata mmoja, na mpaka leo yuko kwao anakanda unga. Alama zote hupitia mikononi mwa Bashir.

"Haji," alinong'ona, "hili ni jina langu."

Haji aliitazama kompyuta, akamtazama yeye. "Lo! Na vijana niliwaambia wafute." Akainama karibu. "Aliyesaini kwamba ameipokea ni nani? Mimi?"

"Ni mimi."

"Basi kama uliipokea wewe, na leo iko dukani kwangu, aliyeuza mali ya serikali ni nani? Polisi watakuuliza hivyo hivyo, na wale hawaulizi kwa upole."

Alitaka kukimbia, lakini Haji alikuwa ameshapiga simu. Alinong'ona kidogo, akaitika, halafu akamwekea simu sikioni.

"Shagufta?" Sauti ya Bashir ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliomtisha zaidi. "Umefanya vizuri, binti. Inunue. Wiki ijayo wakaguzi wanakuja kuwaona waliopewa kompyuta. Utasimama mbele na yako. Au utaniangusha?"

"Hapana, bwana."

"Nilijua tu. Mwambie Haji ampunguzie mzee."

Haji akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Mzee, una bahati wewe! Karani wa chuo mwenyewe amekuombea punguzo!"

Allah Ditta alivua viatu, akaingia, akafungua fundo la pesa kwenye pindo la nguo. Machozi yalimlengalenga.

"Kumbe na sisi maskini tuna wa kutusemea," alisema. "Mwambieni nitamwombea dua kila swala." Akamgeukia binti yake. "Na wewe umesimama tu kama bubu? Shukuru, mwanangu."

Shagufta akashukuru. Haji akamsogezea simu mdomoni, akamwambia arudie, karani hakusikia vizuri.