Mkono wa Bartolomeo kwenye Gia

Jumanne, saa tatu asubuhi, Lidwina aliingiza pikapu ya marehemu mumewe, Bartolomeo, katika gereji ya Amedeus pale Bombambili, ikiwa imeng'ang'ania gia namba tatu tangu sokoni. Akazima injini, akashuka, akajifunga kanga vizuri.

"Gia inacheza mno, fundi. Ukitafuta namba mbili unakoroga tu, kama uji."

"Itakuwa bushi, Mama Calvin. Nitaangalia."

"Halafu kuna mkono wa Baba Calvin. Haujaachia gia tangu ile ajali. Angalia usije ukaubana na spana."

Amedeus akachungulia. Mkono ulikuwepo, wa kushoto, kuanzia kifundo hadi kucha, umetulia juu ya gia. Vidole bado vilikuwa na manjano ya tumbaku ya Namtumbo aliyoisomba miaka yote. Akauamkia shikamoo, kwa kuwa marehemu alikuwa mkubwa wake. Azizi, fundi wa gereji ya jirani, alikuja kuazima jeki, akautazama, akasema utawasumbua wakati wa kufungua bolti, akaenda zake.

Amedeus hakuhitaji kufungua kitu ili ajue ubovu uko wapi. Miaka mitatu iliyopita Bartolomeo alikuja mbio mbio, gia ikicheza hivi hivi, na bushi, vile vipete vya mpira vinavyokaza shina la gia, hazikuwepo dukani. Mafundi wa hapo bushi ikikosekana hukata kisigino cha kandambili, wakakichonga kwa wembe. Inakusukuma wiki moja hivi, huku wewe unatafuta yenyewe. Amedeus alikata, akachonga, akafunga. Kumwambia mwenye gari kwamba ni ya wiki moja tu, akasahau.

Wiki ya tatu, kwenye mteremko wa kwenda Mpitimbi, Bartolomeo alitafuta namba mbili asiipate, pikapu ikapinduka. Alikuwa amebeba dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi, la sherehe ya kipaimara, nalo likapasuka likamlowesha mwili mzima. Waliomwopoa walisikia harufu, basi, kesi ikaisha. Jumuiya nzima ikasema pombe. Lidwina naye akasema pombe, na tangu siku hiyo hukaa benchi la nyuma kanisani kwa aibu. Pikapu ilinyooshwa bodi, ikakaa uani hadi mwezi huu alipoanza kuiendesha yeye. Amedeus alibeba jeneza, upande wa mbele kabisa, na mdomo wake akaufumba. Siri ile ilimla moyo miaka mitatu, lakini haikumfungua kinywa.

Alipofunua mpira chini ya gia, mkono ulijiinua wenyewe kumpisha, ukakaa kwenye kiti. Akaing'oa bushi. Ilikuwa kipande cha kandambili ya bluu, kimeyeyuka upande mmoja.

"Mbona kama kandambili?" Lidwina aliuliza.

Hapo ndipo pa kusema. Mumeo hakuwa amelewa: maneno matatu tu, na mwanamke yule angerudi benchi la mbele Jumapili hiyo hiyo. Amedeus aliyafikisha hadi kwenye ulimi. Mkono ulikuwa umetulia kitini, kiganja juu, unangoja.

"Za siku hizi ndivyo zilivyo, mama," alisema, akakitia kipande mfukoni.

Akafunga bushi mpya, yenyewe, ya dukani. Gia ikaingia moja hadi tano, na rivasi, bila kubabaisha. Lidwina akapanda, mkono ukarudi mahali pake, naye akaweka wake juu yake kama alivyozoea.

"Baba Calvin," alisema taratibu, "leo nimekusamehe ulevi wako. Wote. Sina kinyongo tena."

Amedeus, aliyekuwa ameegemea mlango wa abiria, aliyasikia yote. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Bombambili haikupasuka.

Kisha mkono ukaiacha gia, ukanyooka kumwelekea yeye. Ulikuwa wa kushoto, lakini hakuna aliyeona ni utovu wa adabu. Kwa kuwa alikuwa na grisi, Amedeus alikunja ngumi, akautolea kifundo, kama fundi yeyote anavyosalimia akiwa kazini. Mkono ukakipita kifundo, ukamkunjua vidole kimoja kimoja, ukakishika kiganja na grisi yake. Ulikuwa wa baridi.

"Anakushukuru, fundi," alisema Lidwina.

Amedeus alimtazama usoni, kisha akawa wa kwanza kuuachia mkono.

"Karibuni tena," akajibu.